Shule Yenye Mwanafunzi Mmoja

Kwa msomaji aliyezikosa wiki tano zilizopita za safu hii, nitayaeleza kwa ufupi, kwa sababu si mambo yanayopendeza kwa kurudiwa.

Mke wangu, Imakulata, alifariki miaka mitatu iliyopita. Aliniachia binti mmoja, Anjelina, ambaye sasa yuko darasa la tano katika shule moja hapa Chiungutwa. Marehemu alikuwa Mmakonde wa Mkunya, huko Newala. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Makabila yote mawili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Basi kaka yake, Anselmo, alikuja kumdai mtoto kwa haki aliyo nayo mjomba, nami sikuwa na hoja ya kumpinga. Mimi mwenyewe ni mjomba wa watoto wanne wa dada yangu, na kwao nina sauti kumpita baba yao.

Ndipo nilipoandika mkataba. Niliuandika kwa mkono wangu, nakala mbili, tukausaini mbele ya kikao cha ukoo. Siku ambayo shule imefunguliwa, Anjelina atakuwa kwangu. Siku ambayo shule imefungwa, ukiacha Jumamosi na Jumapili, atakuwa kwa mjomba wake, na atafikishwa Mkunya jioni ya kuamkia siku hiyo. Atakayekiuka mara tatu atampoteza mtoto kwa mwenzake hadi amalize darasa la saba.

Kabla ya kushika kalamu nilikuwa nimeisoma kalenda ya shule. Niliona siku za masomo ni nyingi kuliko za mapumziko, nikajiona mshindi.

Sikujua kwamba kalenda ya shule, kama nyaraka nyingi zenye muhuri, hueleza matumaini ya aliyeiandika.

Walifunga kwa mapokezi ya Mwenge wa Uhuru. Walifunga darasa la saba lilipofanya mtihani, wakafunga tena darasa la nne lilipopimwa. Walifunga upepo ulipong'oa bati, pampu ya maji ilipoharibika, na timu ya kata ilipofika fainali. Mara mbili habari zilinifikia adhuhuri, nikiwa ghalani ninakopima ubora wa korosho, na mara hizo mbili Anselmo aliziandika kwenye nakala yake kwa wino wa bluu.

Ilikuwa imebaki moja.

Jumapili jioni simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Fortunatus, mwalimu mkuu wa shule ya binti yangu.

"Mtani, kesho hakuna shule. Walimu tunaitwa semina Masasi mjini. Wamakua mpumzike, mkachimbe samaki nchanga."

Samaki nchanga ni panya wa porini. Mwalimu Fortunatus ni Mngoni wa Songea. Babu zake walikuja kuteka babu zangu, na kwa kuwa watu hawawezi kulea kisasi milele, wajukuu walikigeuza kuwa utani. Mtani anaweza kukutukana, kukuzushia na kubeba jogoo wako mchana kweupe, na wewe ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Alikwisha nifanyia hivyo mara mbili. Julai aliniandikia kwamba shule imefungwa wiki nzima kwa kuwa chaki imekwisha wilayani. Niliamini, kwa sababu ilifanana na ukweli. Tulikuwa tumekwisha panda pikipiki na mzigo wa nguo aliponipigia akicheka hadi akakohoa. Agosti akarudia, safari hiyo kwa kisa cha nyuki.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya. Nilitafuta shahidi wa pili.

Anjelina alikuwa barazani akisafisha viatu.

"Mwalimu mkuu anasema kesho hakuna shule," nilimwambia. "Mmetangaziwa?"

"Anakutania, baba."

"Una hakika?"

"Kwani si mtani wako?"

Hoja ilisimama. Nikaifuta ile habari kwenye simu.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa langoni. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Uwanja ulikuwa mtupu, na bendera haikuwa mlingotini.

"Tumewahi," nilisema.

Anjelina alikuwa anaitazama barabara ya Newala.

Mama Faruku, jirani yetu, alipita na ndoo kichwani, na nyuma yake watoto wake watatu wenye ndoo ndogo. Walikuwa wanakwenda shambani kuokota korosho. Aliponiona alisimama.

"Ee, Baba Anjelina! Unalinda shule siku hizi?"

"Namleta mtoto shule."

"Shule gani? Leo si hakuna! Ee Nnungu, huyu mtu!" Akaishusha ndoo ili apate nafasi ya kunishangaa vizuri. "Wametuma kwenye kundi la wazazi tangu Jumatano. Lakini wewe ulijitoa kundini kama mtu aliyesusia pilau. Msomi wetu! Unasoma vitabu vyote hivyo, tangazo la mistari miwili linakushinda."

"Nilijitoa kwa sababu lilijaa uzushi."

"Basi kaa na ukweli wako hapo langoni." Alinyanyua ndoo. "Mimi nimechoka, Baba Anjelina. Huyu Faruku wangu mwaka huu anajua kuokota korosho kuliko kusoma. Leo semina, kesho mtihani wa wenzake, keshokutwa upepo. Walimu wana siku yao, watoto wana siku yao. Na mimi nani ananifungia?"

Nililitafuta swali lake katika nyaraka zote nilizopata kuzisoma. Aliondoka na watoto wake.

Nilimgeukia binti yangu. Pengine, nilijisemea, siku ya tangazo alikuwa amekaa nyuma na hakusikia. Nataka msomaji azingatie kwamba mimi, ambaye sijawahi kuliamini gunia la korosho kabla ya kulipasua, niliikubali sababu hiyo bila kuipasua.

Kisha pikipiki ikaja.

Anselmo alishuka kabla haijasimama sawasawa. Ni mtu mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na alikuwa amevaa koti na kofia, ishara kwamba amekuja kwa jambo la ukoo. Dereva wake alibaki juu ya pikipiki, akatoa muwa akaanza kuutafuna.

"Shikamoo, mjomba," alisema Anjelina.

"Marahaba, mama." Alimpapasa kichwani, kisha akanitazama. "Shemeji, habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Jana jioni nimengoja mpaka watu wakala. Leo nimefika nyumbani kwako, kufuli. Namkuta mtoto yuko kwenye lango la shule iliyofungwa. Hii tuiiteje?"

"Tuiite kutoelewana."

"Mkataba wako haukuandika kutoelewana. Umeandika kukiuka." Alichomoa karatasi kutoka mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwenye nailoni. "Moja, Mwenge. Mbili, upepo. Na leo?"

"Umejuaje kwamba leo shule imefungwa?"

"Anjelina aliniambia alipokuja wiki iliyopita. Alhamisi."

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameinama, anaifunga kamba ya kiatu ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Sikupata muda wa kuuliza. Mlango wa ofisi ulifunguliwa, na Mwalimu Fortunatus akatoka na mkoba begani. Alikuwa amebaki kumalizia barua, anangoja usafiri wa saa nne kuwafuata wenzake semina.

"Mtani!" aliita kutoka mbali. "Mmakua umeota shule mpaka umeifuata! Samaki nchanga wamekwisha?"

"Mtani, njoo hapa," nilisema. "Leo sina kicheko."

"Lini uliwahi kuwa nacho?"

Lakini alipofika na kuiona ile karatasi mkononi mwa Anselmo, aliushusha mkoba chini. Nilimweleza mkataba wote kupitia nondo za lango. Nilimweleza kwamba ujumbe wake wa jana niliuhesabu kuwa wa tatu katika mfululizo wa chaki na nyuki, na kwamba kwa sababu hiyo, ikifika jioni, binti yangu atakuwa amehamishiwa Mkunya kwa karibu miaka miwili.

Mwalimu Fortunatus alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Kwa hiyo utani wangu ndio unamwondoa mtoto?"

"Kwa sehemu kubwa."

"Sisi tulikuja kuteka watu zamani," alisema polepole. "Si sasa." Akamgeukia Anselmo. "Mzee, huo mkataba unasema shule iliyofunguliwa ni ipi?"

"Shule iliyofunguliwa ni iliyofunguliwa," alisema Anselmo.

"Imeandikwa wanafunzi wangapi?"

Anselmo alisoma karatasi yake kutoka juu hadi chini, kwa sauti ndogo, mdomo ukitembea.

"Haikuandikwa."

"Walimu wangapi?"

"Haikuandikwa."

Mwalimu Fortunatus alifungua mnyororo.

Sikuwahi kumwona mtani wangu akiwa mwalimu hadi siku ile. Alipandisha bendera mwenyewe. Aligonga rimu ya gari inayotumika kama kengele, mara saba, kwa uwanja usio na mtu. Alimwingiza Anjelina darasa la tano, akamkalisha dawati la mbele, akaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko ulionyooka. Anselmo alidai haki ya kushuhudia, akaketi dawati la nyuma, magoti yakifika kifuani. Mimi nilisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mzazi aliyeitwa.

"Hii si shule," Anselmo alininong'oneza, naye hana mnong'ono. "Hii ni maigizo."

"Mkataba haukuandika maigizo," nilimjibu.

Aliguna. Ni mtu wa haki; hoja ikimshinda huguna.

Mwalimu alifundisha Sayansi, maji yanavyogeuka mvuke, kwa dakika ishirini kamili. Aliuliza maswali na kusema "mwingine?" kwa mazoea, ingawa hakuwapo mwingine. Anjelina alijibu yote. Nilikuwa na haki ya kufurahi. Nilichoona ni kwamba kila alipojibu aligeuka nyuma kidogo, na aliyekuwa nyuma hakuwa mimi.

"Sasa mahudhurio," alisema Mwalimu Fortunatus. "Hapo ndipo siku inapokuwa ya shule kisheria." Alikwenda ofisini akarudi na daftari kubwa lenye jalada la kijani, akalifungua mezani. "Anjelina Alphonce."

"Nipo," alisema binti yangu, kwa sauti isiyofika ukutani.

"Ngoja," alisema Anselmo. Alijichomoa kwenye dawati. "Nione kwa macho yangu. Isije ikaandikwa kwa penseli."

Alisimama kando ya mwalimu, akaweka kidole kwenye jina la mpwa wake, akakiburuta taratibu kuufuata mstari wake. Kidole kilisimama. Kikasogea. Kikasimama tena.

"Hivi viduara vyekundu ni nini?"

"Siku ambazo mtoto hakuja."

"Hakuja shule ikiwa imefunguliwa?"

"Ikifungwa hatuandiki kitu, mzee. Tunapiga mstari mrefu."

Anselmo aliinama zaidi. "Hii hapa, Alhamisi iliyopita. Alhamisi si mlikuwa mmefunga?"

"Alhamisi?" Mwalimu Fortunatus alimtazama kama anayengoja mwisho wa utani. "Alhamisi tumefundisha mpaka saa tisa."

"Alhamisi alikuwa kwangu! Baba yake alimleta mwenyewe Jumatano jioni. Alisema mna ukaguzi wa vyoo."

Maneno hayo niliyasema mimi, ni kweli. Nilikuwa nimeambiwa na Anjelina.

Nilisogea mezani. Tuliinama watu wazima watatu juu ya mstari mmoja wa daftari. Viduara vilikuwa kumi na kimoja, tangu Julai. Nilizijua tarehe zote. Siku ya ukaguzi wa vyoo. Siku ya chanjo. Siku ya mkutano wa wazazi ambao sikualikwa, nikaandika barua ya malalamiko ambayo haikujibiwa. Kwa wiki tano zilizopita, katika ukurasa huu huu wa gazeti, niliwaeleza wasomaji kuhusu siku hizo moja baada ya nyingine, nikazitaja kama ushahidi wa taifa lisilothamini elimu.

Shule ilikuwa imefunguliwa siku zote hizo.

"Kwa nini sikuambiwa?" nilimuuliza mwalimu.

"Mwalimu wa darasa ana watoto tisini na mmoja, mtani. Msimu huu nusu yao wako mikorosho. Nilimuuliza kuhusu wa kwako. Akasema ana ruhusa, amefiwa na bibi yake Mkunya."

"Bibi yupi?" aliuliza Anselmo.

"Mama mzaa mama, nadhani. Mama yako, mzee. Pole sana."

"Mama yangu? Nimemwacha asubuhi hii anatwanga mihogo!"

Hakuna aliyecheka, hata Mngoni.

Ninamwomba msomaji asizitupilie mbali lawama zangu zote dhidi ya shule. Uongo hauoti penye mwamba. Kama shule ingefungwa mara mbili kwa mwaka, nisingeamini ukaguzi wa vyoo hata kwa kiapo. Lakini ilikuwa imefungwa kwa fainali ya mpira. Baada ya hapo, mtoto wa miaka kumi na mmoja angeweza kuniambia chochote, na alinijua vya kutosha kutambua kwamba namtilia shaka kila mtu isipokuwa yeye.

"Anjelina," nilisema.

Alisimama, kama wanavyofundishwa kusimama wakiulizwa swali.

"Nani alikutuma useme hivyo?"

"Hakuna."

"Mjomba wako?"

"Mimi sijui lolote!" alifoka Anselmo. "Niapishwe hapa hapa!"

"Hakunituma, baba."

"Na jana? Ulijua kwamba leo hakuna shule?"

Aliigeuza rula yake juu ya dawati. "Nilijua."

"Na ulijua imebaki mara moja."

"Ndiyo, baba."

Nilikuwa na swali moja tu lililobaki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kujibiwa. Nililiuliza kwa sababu sijui namna nyingine ya kuishi.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Alianza kukusanya vitu vyake, rula, kalamu, daftari, taratibu, akivipanga kwenye mkoba kama nilivyomfundisha mimi. "Kwa mjomba tunakula watu tisa, sinia moja. Kwako nakula nikikutazama unasoma."

Mwalimu Fortunatus alikwenda ubaoni akaanza kuufuta, ingawa hapakuwa na kipindi kingine.

Anselmo alivua kofia. Nilitarajia ashangilie, mimi katika nafasi yake ningekuwa nimekwisha nukuu kifungu. Aliitandaza karatasi yake mezani juu ya daftari la mahudhurio, akailainisha kwa viganja vyote viwili.

"Shemeji," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo kweli. "Siku ambayo shule imefunguliwa, mtoto atakuwa kwa baba yake. Umeandika hivyo, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimekaa naye siku kumi na moja shule ikiwa imefunguliwa. Sikujua, lakini wewe nawe leo hukujua, na nilikuja kukudai. Kama kutojua hakukuokoi wewe, hakuniokoi mimi."

"Anselmo..."

"Ngoja nimalize. Wewe ulikuwa umekiuka mara mbili. Mimi nilifika ya tatu tangu Agosti, hapa naona kiduara chake. Basi nilimpoteza tangu Agosti." Alimnyooshea mkono mwalimu, akapewa kalamu, akaniwekea kiganjani. "Andika hapo chini. Mtoto atakaa kwa baba yake mpaka amalize la saba. Likizo, mapumziko, zote kwako. Nitasaini. Sisi wa Mkunya hatuli maneno yetu. Umeshinda."

Nilikuwa nimeshinda. Nilikipitia kifungu mara mbili kutafuta kosa, nisilipate. Niliuandika vizuri mno mkataba ule.

Niliinua kichwa ili nimwambie Anjelina jambo, ingawa hadi leo ninapoandika sijui lingekuwa lipi. Dawati la mbele lilikuwa tupu.

Tulimwona kupitia dirishani, sote watatu. Alikuwa amevuka uwanja na lango, akapanda kiti cha nyuma cha ile pikipiki iliyomleta mjomba wake, mkoba mapajani, uso umeelekea barabara ya Newala. Dereva aliutupa muwa, akawasha injini. Kisha akageuza shingo kututazama pale dirishani, mguu mmoja bado uko chini, akingoja mmoja wetu amwambie aende au azime.

Anselmo alinitazama. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.